Maisha ya Badiu-z-Zaman Al-Jazari, Fundi wa Vyombo vya Kipimo

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad s.a.w. na jamaa zake na sahaba zake, twasema hivi. Watu wetu wa pwani wamezoea kusomewa maisha ya mafakihi na mawalii na majemadari, na hayo ni mema. Lakini wako watu katika umma huu ambao kazi yao ilikuwa ya nyundo na tupa na kalibu, nao majina yao hayasikiki vyuoni mwetu, ijapokuwa wahandisi wa Ulaya na Marekani huyasoma. Mmoja wao ni Al-Jazari, na maisha yake ndiyo tutakayoyaeleza katika kurasa hizi. Hatutaeleza kila alichokifanya, kwani huyu bwana aliunda vitu vingi mno; tutakaa zaidi penye jambo moja alilolirudia mara kwa mara katika kazi zake, nalo ni kukifanya chombo kimimine kiasi kinachojulikana cha maji, kisizidi wala kisipungue, bila ya kutegemea mkono wa mmiminaji.

Jina lake ni Ismail bin Razzaz, kuniya yake ni Abul-Izz, na lakabu aliyopewa ni Badiu-z-Zaman, yaani mtu wa ajabu katika zama zake. Kuitwa Al-Jazari ni kunasibishwa na Al-Jazira. Sisi watu wa visiwa tukilisikia neno hilo hufikiri habari ya bahari, lakini Al-Jazira inayokusudiwa hapa ni nchi kavu iliyo baina ya mito miwili mashuhuri, Dijla na Furati, upande wa juu kuelekea milimani. Katika nchi hiyo umo mji wa Amid, wenye ukuta mkubwa wa mawe meusi, nao leo huitwa Diyarbakir na uko katika Uturuki.

Katika mwaka 570 Hijra, nao ni karibu na 1174 Miladi, aliingia katika utumishi wa wafalme wa ukoo wa Artuq, Waturuki waliotawala pande hizo. Alimtumikia kwanza Nurud-Din Muhammad, kisha mwanawe Qutbud-Din Sukman, kisha mwana mwingine, Nasirud-Din Mahmud, ambaye ndiye Al-Malik As-Salih. Hizo zilikuwa zama za Sultani Salahud-Din Al-Ayyubi, na ni yeye aliyeuteka mji wa Amid katika mwaka 1183 akamkabidhi Nurud-Din. Basi wakati majeshi yalipokuwa yakipita huku na huku, na miji ikitoka mikononi mwa huyu ikiingia mikononi mwa yule, bwana huyu alikuwa amekaa kiwandani mwake akitoboa matundu katika shaba na kuhesabu matone. Majemadari wengi waliotajwa katika vita vile hatuwajui tena ila kwa majina, na kazi yake yeye tunaweza kuiunda leo kwa mikono yetu.

Alipokuwa amekwisha kutumikia miaka yapata ishirini na mitano, mfalme Nasirud-Din alimwambia kwamba ameunda vitu visivyo na mfano, na kwamba haifai taabu yote ile ipotee. Akamwamuru aandike kitabu. Akakiandika, kikawa tayari mwaka 602 Hijra, yaani 1206. Jina la kitabu lina maana ya kukusanya baina ya elimu na kazi yenye manufaa katika ufundi wa hila. Na hila hapa si udanganyifu, bali ni werevu wa kukifanya kitu kiende chenyewe. Ndani yake mna vyombo 50, vilivyopangwa katika mafungu sita: saa, vyombo vya barazani, mabirika na mabeseni, chemchemi za kupamba, mitambo ya kupandisha maji, na vitu mbalimbali visivyoingia katika mafungu hayo.

Hakuwa wa kwanza katika mlango huu, wala hakudai hivyo. Wayunani wa Iskandaria walikwisha kulitazama jambo hili kabla ya Uislamu. Heron alikieleza chombo cha hekaluni ambacho mtu akitumbukiza sarafu juu yake, uzito wa ile sarafu hufungua kilango kidogo, maji yakatoka kidogo, na sarafu ikiteleza kilango hufunga. Kisha wakaja Banu Musa wa Baghdad, ndugu watatu, Muhammad na Ahmad na Al-Hasan, wana wa Musa bin Shakir, waliolelewa katika ulinzi wa Khalifa Al-Maamun. Husimuliwa kuwa baba yao alikuwa mnyang'anyi wa njiani katika Khurasani kabla hajawa mtu wa elimu ya nyota, na Mwenyezi Mungu humwongoza amtakaye. Ndugu hao waliandika Kitabu cha Hila katika karne ya tatu ya Hijra, kina vyombo karibu mia, na vingi katika hivyo ni magudulia na mabirika ya kumimina kwa werevu. Al-Jazari aliyasoma ya waliomtangulia, akawataja kwa heshima, kisha akafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Aliwapima.

Ili msomaji afahamu ugumu wa kazi hii yapasa kwanza tueleze asili yake, nayo ni nyepesi kwa mtu wa pwani. Sote twajua kuwa dafu likitobolewa tundu moja dogo likapinduliwa, maji yake hayatoki vizuri; hukwama na kutoka kwa kigugumizi. Ukitoboa tundu la pili, maji humiminika. Sababu yake ni hewa: maji hayawezi kutoka mpaka hewa iingie mahali pake. Basi mtu akiunda birika lenye tundu dogo penye mkono wa kushikia, akaliziba kwa kidole gumba, maji yatasimama, akiliachia, yatatoka. Kwa werevu huu mafundi wa zamani waliunda birika lililogawanywa ndani, upande mmoja maji ya moto na upande wa pili ya baridi, na mtumishi akamimina ya moto, au ya baridi, au yaliyochanganyika, na mgeni asione mkono wake ukifanya lolote. Al-Jazari ana birika la namna hiyo katika fungu la tatu la kitabu chake.

Asili ya pili ni mrija uliopindwa kama shingo ya bata. Uweke ndani ya chombo, ncha moja karibu na chini, na ncha ya pili itoke nje, iwe chini zaidi ya ile ya ndani. Mimina maji polepole. Hayatoki kabisa mpaka yafike juu ya pindi la ule mrija. Yakifika hapo huanza kwenda, wala hayasimami mpaka chombo kiwe kitupu. Kwa hiyo kila mara hutoka kiasi kile kile, kwani chombo hakiwezi kutoa kabla hakijajaa, wala hakiachi kutoa kabla hakijakauka. Hapa kipimo hakimo mkononi mwa mtu tena, kimo katika umbo la chombo.

Lakini iko taabu nyingine, na hii ndiyo iliyowachosha mafundi. Toboa kibuyu karibu na chini ukijaze maji. Mwanzo maji yatatoka kwa nguvu na kwenda mbali, na kila yanapopungua ndani, mruko wake nje hufupika, mpaka mwisho yakawa yanadondoka tu mguuni pa kibuyu. Basi ukisema utaliacha tundu wazi kwa muda fulani upate kibaba kimoja, kibaba cha kwanza hakitakuwa sawa na cha pili. Dawa yake ni kuweka chumba kidogo baina ya tangi kubwa na tundu la kutokea. Ndani ya chumba kile huelea chelezo chenye kizibo cha umbo la pia. Maji yakipanda, chelezo hupanda, kizibo kikaziba mlango wa tangi. Yakishuka kidogo, mlango hufunguka. Kwa hivyo kina cha maji katika chumba kile hubaki kimoja daima, na tundu hutoa kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Aliye na tangi la maji penye paa la nyumba yake au la msikiti na apande akafunue kifuniko, atakiona chelezo cha namna hii kikifanya kazi hiyo hiyo ya kufunga na kufungua.

Al-Jazari hakukiunda chelezo hiki mwenyewe kwa mara ya kwanza. Alikipokea kutoka kwa watu wa kale. Fadhila yake ni kwamba hakuridhika kukipokea. Kifaa cha zamani cha kupunguza na kuongeza mwendo wa maji katika saa, kwa kufuata urefu wa mchana unaobadilika, kilikuwa kimeandikwa vitabuni kuwa ni sahihi. Yeye alikitengeneza kama kilivyoandikwa, akamimina maji, akahesabu, akakikuta hakisemi kweli. Akakigeuza, akajaribu tena, hata akapata umbo lake mwenyewe la duara kamili lililogawanywa kwa daraja 360. Matundu yake aliyatoboa kidogo kidogo, akipima maji yanayotoka, akiongeza upana wa tundu kwa kiasi cha unywele, mpaka kipimo na muda vikapatana. Vizibo vyake vya shaba alivisugua ndani ya vikalio vyake kwa unga wa jiwe gumu mpaka tone lisipenye. Shaba aliimimina katika kalibu za mchanga mbichi zilizofungwa, na mbao alizibandika tabaka juu ya tabaka ili zisipinde. Na alipotaka kuchora chombo, mara nyingine alikata mfano wake kwa karatasi kwanza. Aliona kwamba elimu ya ufundi isiyojaribiwa kwa mkono hukaa baina ya kweli na uongo, na mtu hawezi kuitegemea.

Hapa nawaambia wenzangu tunaosomesha. Kila mwaka twawafundisha vijana kwamba Mtume s.a.w. alikuwa akitawadha kwa mudd moja na akikoga kwa sa' moja, na kwamba sa' ni mudd nne, na mudd katika madhehebu yetu ya Shafii ni ratli moja na thuluthi ya Baghdad. Kijana huyaandika hayo ubaoni mwake, akayahifadhi, akafaulu. Mwulize mudd ni maji kiasi gani, aoneshe katika ndoo, hajui. Babu zetu wa pwani walikuwa karibu zaidi, kwani walikuwa na pishi na kibaba, na pishi ni vibaba vinne kama sa' ilivyo mudd nne, na kila nyumba ilikuwa na kibaba chake cha mti au cha bati. Leo kijana hufungua bomba la msikiti akaliacha likimwagika tangu kusukutua mpaka kuosha miguu, na yatokayo ni mudd nyingi, na mdomo wake umejaa hukumu za israfu.

Turudi kwa bwana wetu. Mfalme Nasirud-Din alikuwa hapendi mtumishi au kijakazi ammiminie maji mikononi wakati wa kutawadha. Kitabu chasema tu kwamba alilichukia. Sisi tuliosoma fikihi twaona ndani yake adabu njema, maana mafakihi wetu wamesema kwamba kutaka msaada wa kumiminiwa bila ya udhuru ni kinyume cha lililo bora, ingawa si haramu. Basi Al-Jazari akamfanyia sanamu ya mtumishi aliyesimama, ameshika birika. Mfalme akitaka kutawadha, ndege aliye juu ya birika hulia kwa hewa inayosukumwa na maji, kisha maji hutiririka kwa kiasi cha kutosha udhu, na yanapokaribia kwisha, mkono wa pili hushuka wenyewe kwa uzito uliopungua, ukimpa taulo na kioo na kitana. Na katika chombo chake kingine, kilicho na sura ya tausi, maji yaliyokwisha kutumika huingia chini ya beseni. Yakipanda kufika kipimo cha kwanza, chelezo humtoa mtumishi mdogo mlangoni akiwa na sabuni ya unga. Yakipanda kufika kipimo cha pili, hutoka mwingine na taulo. Maji machafu yenyewe ndiyo yanayohesabu. Kila nikifikiri habari ya tausi huyu nastaajabu zaidi kwa hili kuliko kwa manyoya yake, kwamba fundi aliyaona hata maji ya kumwagwa kuwa yana kazi.

Lakini chombo ninachokipenda kuliko vyote ni cha damu. Zamani zile, na kwa wengine hata leo, mgonjwa alikuwa akipigwa chuku au kutolewa damu mshipani kwa ajili ya tiba, na hatari yake ni moja: tabibu asijue ni kiasi gani imetoka. Damu ikimwagika katika beseni hudhaniwa kuwa kidogo nayo ni nyingi, au hudhaniwa nyingi nayo ni kidogo, na mgonjwa aliyelala hawezi kusema lolote. Al-Jazari aliunda mabeseni manne kwa ajili hiyo. Katika moja amekaa mtawa mwenye fimbo, katika jingine waandishi wawili, na damu inapoingia chini, chelezo hupanda na kuvuta uzi, sanamu ikageuka taratibu, na ncha ya fimbo au ya kalamu ikapita juu ya alama zilizochorwa, kila alama dirham moja ya uzito, mpaka 120. Dirham ile ni gramu tatu na kidogo. Katika beseni la waandishi wawili, mmoja huonesha hesabu juu ya duara na wa pili juu ya ubao wake, ili walio pande mbalimbali waone pamoja. Angalieni, ndugu zangu, alivyofikiri fundi huyu. Hakutosheka tabibu ajue peke yake. Alitaka na mgonjwa ajue, na jamaa waliosimama mlangoni wajue. Kipimo kilichofichwa kwa mmoja si amana hata akiwa mkweli, maana hakuna wa kumshuhudia.

Sasa twafika mahali ambapo haifai kupita kimya. Fungu la pili la kitabu chake ni vyombo vya mabaraza ya ulevi. Kimojawapo ni kabati, na juu yake limo tangi la kinywaji kinachodondoka katika kikombe kilichosimamishwa juu ya mhimili; kikombe kikijaa, uzito humshinda nguvu, kikapinduka na kumwaga chote mara moja ndani ya bilauri iliyo mkononi mwa sanamu ya kijakazi. Sanamu ikawa nzito, gari lake dogo likateremka, mlango ukafunguka, naye akatokea mbele ya watu. Hutokea hivyo kila thumuni ya saa, yaani dakika saba na nusu hivi, na kila mara kiasi kile kile. Hiki ndicho chombo chake kilicho karibu kabisa na chupa za leo za kutoa kiasi kimoja kila mara, nacho aliwaundia walevi.

Wako wanaoandika sifa za mabwana hawa wakayaficha haya, kama kwamba Uislamu utaaibika kwa sababu wafalme wa Amid walikunywa. Mimi sioni faida ya kuficha. Pombe ni haramu, na kumtengenezea mnywaji chombo cha kunywea ni kumsaidia katika maasi. Na sanamu zenye viwiliwili vya watu na wanyama, jumhuri ya mafakihi wamezikataza, wala hatuzihalalishi kwa kuwa zapendeza. Alikuwa mtumishi wa wafalme, na aliyekaa penye meza ya mfalme ni taabu kuchagua chakula. Walakini toa lile sanamu, ukamwage kile kinywaji, kitabaki kikombe juu ya mhimili kinachojaa na kupinduka. Na kikombe kile ukikitia maji, kitapima maji. Ukikitia dawa, kitapima dawa. Mwanachuoni wa kweli hutenga moja na jingine, hakitupi kitabu kizima wala hakipokei kizima.

Na kwamba jambo hili si mchezo, huku tunakokaa twalijua. Mimi naandika nikiwa Arusha, chini ya Mlima Meru, na mlima huu, pamoja na baraka zake za mvua na mifereji ambayo Wameru na Waarusha humwagilia migomba na kahawa kwa zamu, una majivu na mawe ya volkano yenye madini ya floraidi. Maji yakipita humo huichukua. Katika vijiji vingi vya pembezoni mwa mlima, kama vile upande wa Maji ya Chai na Ngare Nanyuki, watoto wamekuwa wakiota meno yenye rangi ya kahawia, na waliokunywa maji makali zaidi kwa miaka mingi wamepindika mifupa. Shirika la Afya la Ulimwengu limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja, na maji ya pande hizi yamepimwa yakavuka mpaka huo mara nyingi. Huko Ngurdoto, katika miaka ya 1990, wataalamu walijaribu njia iliyotoka Bara Hindi ya kuyasafisha maji hayo katika ndoo za nyumbani kwa shabu na chokaa. Huvikoroga katika maji, ukayaacha yatulie usiku, ukayachuja asubuhi. Wengine hutumia makaa ya mifupa.

Basi tazama, shabu ikipungua, floraidi hubaki. Ikizidi, maji huharibika ladha na kubaki na madini ya ile shabu yenyewe. Na chokaa hali kadhalika. Na mwenye kutia ni mama wa nyumbani, jioni, moshi machoni, mtoto mgongoni. Umwambie atie kijiko kimoja, na vijiko vya nyumba hii si sawa na vya nyumba ile. Huyu ndiye anayemhitaji Al-Jazari kuliko mfalme wa Amid. Yahitajiwa chupa ya shabu iliyoyeyushwa, yenye chumba kidogo shingoni cha ujazo mmoja, ambayo ukiisimamisha chumba hujaa na ukiiinamisha hutoka cha chumba tu, na iliyo tumboni hubaki. Asili zake zote nimekwisha kuzieleza hapo juu: hewa, mrija, kizibo na chelezo. Hakuna hata moja iliyokuwa siri kwa Al-Jazari, na mafundi wetu wa bati wa sokoni Arusha wana mikono ya kuyafanya haya. Kilichobaki ni mtu wa kuwasomea kitabu hiki na kukaa nao, kwani fundi hajui Kiarabu na ajuaye Kiarabu hashiki nyundo, na kila mmoja humdharau mwenziwe.

Vitu vyake vingine nitavitaja kwa haraka. Aliunda saa ya tembo, ambayo ndani ya tumbo lake mna bakuli lenye tundu linaloelea. Hujaa na kuzama katika nusu saa, likavuta kamba, mpira wa madini ukaanguka na sanamu zikacheza, kisha bakuli likainuka kuanza tena. Aliunda pampu ya mapipa mawili yenye mirija ya kuvuta maji, moja ikivuta wakati nyingine ikisukuma. Alilitengenezea kasri la Amid mlango wa shaba, na sanduku lenye kufuli la duara nne lisilofunguka ila kwa herufi zilizopangwa. Na aliunda saa kubwa ya maji, ambayo mafundi wa Uingereza waliiunda upya katika mwaka 1976 kwa ajili ya maonesho ya ulimwengu wa Kiislamu yaliyofanywa London, nayo ikaenda.

Iliwezekana kuundwa kwa sababu ya jinsi alivyoandika. Wengi wa waliomtangulia waliandika ili wasomaji wastaajabu. Yeye aliandika ili fundi atakayekuja baadaye akiunde kile kitu: huanza kwa kueleza sura ya nje ya chombo na kazi yake, kisha akashuka ndani, sehemu baada ya sehemu, urefu kwa shibiri na upana kwa vidole, na kila sehemu akaipa herufi katika picha ili mkono usipotee. Penye kazi ngumu husimama akaonya. Kitabu kikanakiliwa mara nyingi. Nakala moja, iliyoandikwa katika mwaka ule ule wa 602, imehifadhiwa Istanbul katika maktaba ya kasri la Topkapi. Nyingine ya mwaka 715 Hijra ilikatwa kurasa na wachuuzi, picha zake zikauzwa moja moja, na leo zimetawanyika katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, huku ukurasa wa saa na kule ukurasa wa beseni. Katika mwaka 1974 Mwingereza Donald Hill alikifasiri chote kwa Kiingereza, na mnamo 1979 Ahmad Yusuf Al-Hasan akakipiga chapa kwa Kiarabu katika mji wa Halab, baada ya kuzilinganisha nakala. Kwa Kiswahili bado hakijafasiriwa hata fungu la tatu, la mabirika na mabeseni, ambalo ndilo lililo karibu zaidi na haja zetu.